Kliniki za Mohalla za Delhi: malipo kwa kila mgonjwa yalivyoamua aina ya huduma

#1 (Mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila unapoibuka mjadala wa afya ya msingi kwa watu maskini wa mijini, Kliniki za Mohalla (yaani za mtaa), zile kliniki ndogo za bure za serikali ya Delhi, India, hutajwa, na hutajwa kwa namna mbili tu: wengine huzisifu kama muujiza ambao kila jiji lingepaswa kuuiga, wengine huziita kiini macho cha wanasiasa. Pande zote mbili hutazama jengo na chama kilicholijenga, zikaacha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoamua karibu kila kilichofuata, nalo ni namna daktari alivyolipwa. Uzi ni mrefu. Wenye haraka waniwie radhi.

Nianze na hali ilivyokuwa. Sensa ya 2011 iliihesabia Delhi watu milioni 16.8, na sehemu kubwa ya watu hao waliishi katika mitaa ya mabanda, katika makazi yasiyoidhinishwa, na katika vijiji vya zamani vilivyomezwa na jiji. Hospitali zilikuwapo. Serikali kuu ina AIIMS na Safdarjung, serikali ya Delhi ina hospitali zake, na manispaa ina zake pamoja na zahanati. Kilichokosekana ni ngazi ya chini inayofikika. Kibarua wa ujenzi aliyeshikwa na homa alikuwa na njia tatu. Angeweza kwenda hospitali kubwa, apange foleni tangu alfajiri, apoteze ujira wa siku nzima na nauli juu yake, kisha aandikiwe dawa ambazo huenda hazipo dirishani. Angeweza kumlipa daktari binafsi. Au angeweza kufanya walichofanya wengi, yaani kuingia kwa tabibu wa mtaani asiye na shahada yoyote, aliye hatua chache kutoka nyumbani, anayefungua mpaka usiku, anayekubali kukopesha, na anayechoma sindano bila maswali mengi. Huyu wa tatu ndiye aliyekuwa mfumo halisi wa afya ya msingi katika mitaa hiyo, na anayetaka kuipima kliniki ya mtaa kwa haki ailinganishe kwanza na yeye kabla ya kuilinganisha na hospitali.

Februari 2015 chama cha Aam Aadmi Party kilishinda viti 67 kati ya 70 vya bunge la Delhi, na kiongozi wake Arvind Kejriwal akawa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya Delhi. Julai mwaka huohuo kliniki ya kwanza ilifunguliwa Peeragarhi, magharibi mwa jiji. Ilikuwa kibanda cha kuunganishwa, cha aina ile inayoletwa kwa lori na kusimamishwa kwa muda mfupi, na gharama yake ilitajwa kuwa karibu rupia laki 20. Ndani yake walikuwamo daktari, mfamasia, msaidizi na mhudumu wa kazi nyingine. Kumwona daktari kulikuwa bure, dawa zilizo kwenye orodha zilikuwa bure, na vipimo 212 vilikuwa bure, ingawa maabara haikuwa hapo: sampuli zilichukuliwa kliniki na kupelekwa kwa maabara zilizoingia mkataba na serikali. Lengo lilikuwa kliniki 1,000.

Wazo hilo lilivuta macho ya nje upesi. Januari 2017 Kofi Annan, wakati huo mwenyekiti wa The Elders, kundi la viongozi wastaafu wa dunia, alimwandikia Kejriwal barua ya kuusifu mpango huo, na Septemba 2018 Ban Ki-moon na Gro Harlem Brundtland, aliyewahi kuliongoza Shirika la Afya Duniani, walikwenda Delhi kuutazama kwa macho yao. Nadhani sifa hizo zilistahili kwa sehemu. Kliniki ilipunguza gharama ambayo wapangaji wa afya huisahau mno, nayo ni muda wa mgonjwa. Mtu anayelipwa kwa kutwa hupoteza zaidi kwa kusubiri kuliko kwa kununua vidonge, na tiba ya bure iliyo mbali humgharimu kuliko tiba ya kulipia iliyo jirani. Kuiweka huduma mahali ambapo mtu anaweza kutoka nyumbani, kuonwa na kurudi kabla chakula cha mchana hakijaiva ni jambo kubwa.

Sasa nije kwenye malipo. Madaktari wengi wa kliniki hizi hawakuajiriwa kwa mshahara. Waliandikishwa kwa mkataba na kulipwa kwa kila mgonjwa waliyemwona, mwanzoni rupia 30, baadaye 40. Tuzifanyie hesabu rupia 30 hizo. Tuseme zamu ina dakika 240. Daktari anayempa kila mgonjwa dakika 12 ataona wagonjwa 20 na kuondoka na rupia 600. Anayewapa dakika 2 ataona 120 na kuondoka na rupia 3,600. Hakuna haja ya kuwadhania madaktari hao ubaya wowote, kwa kuwa mwajiri ndiye aliyekwisha kutamka, kwa lugha ya fedha, kwamba anataka foleni iende. Na foleni ilikwenda. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya India kuhusu afya Delhi, iliyowasilishwa kwenye bunge la Delhi Februari 2025, ilionyesha kwamba kati ya Oktoba 2022 na Machi 2023 asilimia 70 ya wagonjwa walikaa na daktari chini ya dakika moja. Ripoti hiyohiyo ilitaja kliniki zilizokosa vitu vya kawaida kabisa kama vipimajoto na mashine za kupimia sukari.

Kwa dakika moja unaweza kutibu mafua. Unaweza kumpa mtu vidonge vya maumivu, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, dawa ya kupaka kwa mwenye upele. Huwezi kugundua kwamba mama huyu analalamika kichwa kwa mwezi wa tatu kwa sababu shinikizo lake la damu liko juu, wala huwezi kumweleza kwa nini atameza kidonge kila siku hata akijisikia mzima. Huwezi kumuuliza kijana anayekohoa kama nyumbani kuna mwingine anayekohoa. Mambo hayo ndiyo yanayowaua watu wazima wa mitaa maskini polepole, na yote yanadai dakika ambazo hazina bei katika mfumo wa malipo kwa kichwa, yaani kwa kila mgonjwa anayeonwa.

Ndiyo maana nasema kliniki hizi zilifanikiwa kumshinda tabibu wa mtaani katika uwanja wake mwenyewe, kwa ukaribu, wepesi na dawa mkononi, lakini zikarithi pia mtindo wake wa kazi: mgonjwa aingie, apewe kitu, atoke, na hakuna anayejua kesho yuko wapi. Azimio la Alma-Ata la 1978 lilipoeleza afya ya msingi lilianza na elimu ya afya, lishe, maji safi, huduma za mama na mtoto na chanjo, na tiba ya maradhi ya kawaida ilikuwa jambo moja tu kati ya kadhaa. Delhi ilichukua hilo moja na kulifanya vizuri kiasi.

Nakaribisha hoja.

#2

Mleta uzi, hongera kwa maelezo. Nina swali moja fupi. Umesema manispaa tayari ilikuwa na zahanati. Kwa nini fedha za kliniki hizi hazikutumika kuzifufua badala ya kuanzisha kitu kipya chenye jina jipya?

#3 (Mleta uzi)

Mkuu wa #2, swali ni la haki na jibu lake lina pande mbili, moja safi na nyingine isiyo safi sana.

Upande safi ni wa kiutendaji. Zahanati ya kawaida hudai jengo la kudumu, na jengo la kudumu hudai kiwanja, zabuni na miaka. Hudai pia madaktari wa ajira ya serikali, na ajira hiyo hupitia ngazi nyingi. Kibanda pamoja na daktari wa mkataba viliruka vizuizi vyote viwili, kwa hiyo malipo kwa kichwa hayakubuniwa kwa sababu mtu aliyaona ni bora kwa mgonjwa. Yalikuwa njia ya mkato ya kupata madaktari haraka. Upande mwingine ni kwamba zahanati ya manispaa ingefufuliwa kwa jina la manispaa, na manispaa za Delhi wakati huo zilikuwa mikononi mwa chama pinzani, BJP. Hakuna serikali inayopaka rangi ukuta wa mshindani wake kwa hiari.

#4

Naomba nipingane na mleta uzi, kwa heshima zote, kwa sababu naona anamlaumu daktari wa rupia 30 kwa dhambi isiyo yake, na anausahau ubaya wa mshahara.

Kwanza, tuizungumzie hiyo dakika moja. Mwaka 2017 ulichapishwa katika jarida la BMJ Open uchambuzi wa muda ambao madaktari wa ngazi ya msingi huwapa wagonjwa katika nchi mbalimbali. Wastani ulianzia sekunde 48 Bangladesh hadi dakika 22.5 Sweden, na India ilikuwa kwenye takriban dakika 2. Hii ina maana kwamba ufupi wa kuonwa ni ugonjwa wa eneo zima, na unaonekana hata mahali ambapo daktari ana mshahara kamili na pensheni. Chanzo chake cha kwanza ni uchache wa madaktari mbele ya wingi wa wagonjwa. Ukibadilisha malipo bila kuongeza watu, utapata foleni ileile, tofauti ikiwa kwamba wa mwisho hataonwa kabisa.

Pili, daktari wa mshahara ana tatizo lake ambalo mleta uzi amelipita kimyakimya: haji kazini. Kila anayezijua zahanati za umma katika nchi zetu hizi za kipato cha chini analijua kufuli la saa tano asubuhi. Malipo kwa kichwa yana sifa moja ambayo mgonjwa maskini huithamini kuliko nyingine zote, kwamba daktari akikosekana hapati kitu. Kwa hiyo anakuja, na anataka uje.

Tatu, kuhusu wanawake. Katika kaya nyingi za mitaa hiyo mwanamke hawezi kwenda hospitali ya mbali bila nauli ya mume, bila mtu wa kumwangalizia watoto, na wakati mwingine bila ruhusa. Ugonjwa wake ndio unaosubiri hadi wa wengine wote utibiwe. Kliniki iliyo mwisho wa kichochoro humwondolea hoja zote hizo kwa mara moja, kwa kuwa anaweza kwenda na mtoto mgongoni na kurudi kabla mtu hajauliza alikuwa wapi. Kwa mwanamke huyo swali la dakika ngapi huja baada ya swali la kama ameonwa au hakuonwa, na nadhani tunaosoma takwimu tukiwa tumeketi tunapaswa kuuheshimu mpangilio huo wake.

Nikubali jambo moja tu: vipimajoto. Kliniki isiyo na kipimajoto haina utetezi.

#5

Wakuu, mnazungumza kana kwamba kliniki 1,000 zilijengwa. Ripoti hiyo ya mkaguzi aliyoitaja mleta uzi inaonyesha kwamba lengo lilikuwa lifikiwe Machi 2017, na hadi Machi 2023 zilikuwapo 523. Sababu kubwa ni ardhi. Delhi ina bunge lake chini ya marekebisho ya katiba ya 1991, lakini ardhi, polisi na usalama wa raia vilibaki kwa serikali kuu, na viwanja vingi viko chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Delhi ambayo haiwajibiki kwa Waziri Kiongozi. Agosti 2017 wabunge wa chama tawala cha Delhi walikwenda kuketi katika ofisi ya Luteni Gavana, mwakilishi wa serikali kuu hapo Delhi, kwa saa kadhaa wakidai majalada ya kliniki yaidhinishwe. Ndiyo maana kliniki nyingi ziliishia katika nyumba za kupanga, vyumba vilevile ambavyo jana vilikuwa maduka, na ukubwa wa chumba cha duka ndio uliopanga nani atapimwa kwa faragha na nani atapimwa mbele ya foleni.

#6

Naandika nikiwa daktari wa ngazi ya msingi, ingawa si wa Delhi, na nitajikita kwenye tiba yenyewe kwa sababu siasa mmezimaliza.

Mleta uzi ametaja shinikizo la damu, na ni mfano mzuri kwa kuwa matibabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kazi ya kumpima haihitaji daktari. Muuguzi au msaidizi aliyefunzwa, mashine inayofanya kazi na kiti cha kumpumzisha mtu dakika tano vinatosha. Dawa za kuanzia kama amlodipine ni za bei ya chini. Kigumu ni mwezi wa pili. Mgonjwa wa shinikizo la damu hasikii maumivu, kwa hiyo anapokosa kurudi haendi mahali pengine kulalamika, anatoweka tu, na kliniki isiyo na rejista ya watu wake haiwezi hata kujua kwamba ametoweka. Novemba 2017 India yenyewe ilianzisha mpango wa kitaifa wa kudhibiti shinikizo la damu, na misingi yake ni ya kawaida kabisa: mwongozo mmoja wa dawa unaofuatwa na wote, dawa za siku 30 kwa mara moja, timu inayogawana kazi, na orodha ya waliokosa kurudi ili wapigiwe simu. Katika orodha hiyo hakuna kinachoshindikana kufanyika ndani ya kibanda.

Hapo ndipo malipo kwa kichwa yanapoleta madhara ambayo mchangiaji wa #4 hakuyagusa. Anayelipwa kwa kila ziara hana sababu ya kumpa mgonjwa dawa za siku 30, kwa kuwa dawa za siku 5 zitamrudisha mara sita. Sidai kwamba madaktari wa Delhi walifanya hivyo kwa makusudi. Nasema mfumo unaomwadhibu daktari anayefanya jambo sahihi hauwezi kutegemewa kwa muda mrefu.

Kuna pia suala la usalama, ambalo huzungumzwa kidogo kwa sababu linaumiza. Mwaka 2021 mamlaka ya afya ya serikali kuu ilisema kwamba watoto 16 waliugua Delhi baada ya kupewa dawa ya maji ya kikohozi yenye dextromethorphan, na watatu kati yao walifariki katika hospitali ya watoto. Dawa ilikuwa imeandikwa katika kliniki za mohalla, na mamlaka hiyo ikaagiza isitolewe kwa watoto wadogo. Kikohozi cha mtoto mdogo kwa kawaida hakihitaji dawa ya namna hiyo. Kinahitaji daktari ahesabu pumzi kwa dakika nzima ili ajue kama ni nimonia, kisha amweleze mama kwa nini anarudi nyumbani bila chupa. Kuhesabu pumzi peke yake tayari ni dakika moja. Mama aliyepewa maelezo bila chupa huondoka amenuna, na daktari mwenye watu mia nje ya mlango anajua kwamba chupa hufupisha mazungumzo. Nimewahi kuyaona hayo katika kazi yangu pia, na sijui mwenzangu yeyote wa ngazi hii ambaye hajawahi kushawishika.

#7 (Mleta uzi)

Daktari, nashukuru, umenisaidia kuliko nilivyojisaidia.

Ndugu wa #4, hoja yako ya utoro naikubali, na hoja yako ya wanawake naikubali bila masharti. Ila umeniwekea chaguo la vitu viwili, mshahara au kichwa, ilhali kuna njia ya tatu iliyokwisha kujaribiwa kwa kiwango kikubwa. Brazili ilianza mwaka 1994 mpango wake wa Afya ya Familia. Timu moja ina daktari, muuguzi, muuguzi msaidizi na wahudumu wa afya wa jamii, na timu hiyo hupewa eneo lenye mipaka na watu wapatao 3,500, walioandikishwa kaya kwa kaya. Mhudumu wa jamii ni mkazi wa mtaa huohuo. Huzitembelea kaya zake kila mwezi, ziwe na mgonjwa au zisiwe naye, na hapaswi kubeba zaidi ya watu 750. Fedha za serikali kuu hufuata timu na watu iliyowaandikisha. Mtu asipokuja kliniki anabaki mali ya timu, na kutokuja kwake ni taarifa.

Tofauti na Delhi iko hapo. Huko kliniki ilikadiriwa kuhudumia watu takriban 10,000, lakini watu hao walikuwa makadirio ya mpangaji, hawakuwa orodha. Aliyeingia mlangoni alikuwa wa kliniki, asiyeingia hakuwa wa mtu. India inao wahudumu wa jamii wanaoitwa ASHA, na Mpango wa Kitaifa wa Afya ya Mijini wa 2013 uliwapangia kaya 200 hadi 500 kila mmoja, ila wao walikuwa chini ya mpango mwingine, wenye bajeti nyingine na kituo kingine cha ngazi ya watu 50,000. Kwa hiyo katika mtaa mmoja unaweza kuwa na mwanamke anayezijua kaya zote lakini hana daktari wa kumpelekea mgonjwa, na hatua mia kutoka kwake daktari mwenye foleni ndefu asiyejua kaya hata moja. Laiti watu hawa wawili wangefanya kazi chini ya paa moja, nusu ya malalamiko yangu yangekwisha.

Kisha kuna wagonjwa hewa, ambao nao ni watoto wa malipo kwa idadi. Mwaka 2023 baadhi ya madaktari wa kliniki hizi walituhumiwa kujiandikisha kuwa kazini kwa kutumia video zilizorekodiwa mapema, na Januari 2024 Luteni Gavana alipendekeza uchunguzi wa vipimo vilivyodaiwa kufanywa kwa watu wasiokuwapo. Chama cha Kejriwal kilizikana shutuma na kuziita za kisiasa, na katika ugomvi ule wa Delhi sishangai kwamba kila upande uliziamini au kuzikataa kulingana na kadi yake ya chama. Lakini tazama mantiki yake: palipo na rejista ya kaya, mgonjwa hewa ni vigumu kuumbwa kwa sababu mhudumu anaijua nyumba, palipo na hesabu ya ziara tu, namba ya simu yoyote inatosha kuwa mtu. Ona pia kwamba hoja ya #4, kwamba asiyekuja halipwi, ilipata jaribio lake hapo: kumbe mtu anaweza asije na bado akahesabiwa.

Mchangiaji wa #5, umesema kweli kuhusu ardhi, na ningeongeza kwamba kupanga vyumba kuliifanya kliniki iwe rahisi kuhamishwa. Mgonjwa wa kisukari akikuta mlango umefungwa na kibao kimeondolewa hafanyi utafiti wa wapi kliniki imehamia. Anarudi kwa tabibu wa sindano, ambaye hajawahi kuhama.

#8

Mleta uzi, naomba nirudi kidogo Machi 2020. Daktari wa kliniki ya mohalla kaskazini-mashariki mwa Delhi alikutwa na virusi vya korona, na watu karibu 900 waliokuwa wamepita kwake au kukutana naye waliwekwa karantini. Tukio lile wengi walilitumia kuonyesha hatari ya vyumba vile vidogo. Mimi nililisoma kinyume chake: kwamba watu wote hao waliweza kutafutwa na kupatikana ina maana kliniki iliandika majina na simu. Kumbukumbu zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitumia siku za kawaida kumtafuta mwenye kisukari kwa bidii ileile.

Na swali: sasa utawala umebadilika, kliniki hizo zina hatima gani?

#9 (Mleta uzi)

Mkuu, usomaji wako wa tukio la 2020 ni bora kuliko ule wa magazeti.

Kuhusu hatima: Februari 2025 BJP ilishinda viti 48 kati ya 70, Rekha Gupta akawa Waziri Kiongozi, na Juni 2025 Delhi ilianza kufungua vituo vinavyoitwa Ayushman Arogya Mandir, baadhi vikiwa ni zahanati na kliniki za zamani zilizogeuzwa. Vituo hivyo ni vya mpango wa kitaifa ulioanza 2018 kwa jina jingine, na kwa maandishi vina mambo mengi niliyoyadai hapo juu. Vinapaswa kutoa vifurushi 12 vya huduma, vikiwamo afya ya mama na mtoto, magonjwa ya akili na huduma za wazee, na watu wa miaka 30 na zaidi wanapaswa kupimwa shinikizo la damu, kisukari, na saratani za kinywa, titi na shingo ya kizazi hata kama hawajalalamika chochote.

Kwa maandishi ni hatua mbele, na itakuwa ajabu kuipinga kwa sababu tu ya aliyeileta. Hofu yangu ni ya namna nyingine. Kliniki za mohalla zilikuwa na picha ya Kejriwal ukutani, na kilichobandikwa picha ya mtu hubanduliwa pamoja naye. Katika jimbo la Punjab, ambako chama cha Kejriwal kilianza kufungua Kliniki za Aam Aadmi Agosti 2022, hali inaweza kuwa ileile siku serikali ikibadilika. Hyderabad nako kuna zahanati za mitaa zinazoitwa Basti Dawakhana, zilizoanza 2018 chini ya serikali ya jimbo la Telangana ambayo nayo ilishindwa uchaguzi wa 2023. Kila badiliko la namna hii humgharimu mgonjwa wa muda mrefu kadi yake, mfamasia anayemjua, na pengine miezi miwili mitatu bila dawa wakati vibao vinabadilishwa rangi.

Kwa atakayevifuatilia vituo vipya vya Delhi, nashauri aache kuhesabu vilivyofunguliwa, kwa sababu idadi ndiyo kila serikali hupenda kuitangaza. Atafute kwanza mkataba wa daktari na asome kifungu cha malipo. Kisha aulize kama ASHA wa mtaa huo wanaripoti kwenye kituo hicho au kwingine, na kama kuna daftari, la karatasi au la kompyuta, lenye majina ya watu ambao hawajawahi kufika.

Daktari wa #6, ukipata nafasi naomba utueleze zaidi kuhusu orodha ya waliokosa kurudi: ni nani katika timu anayepiga hizo simu, na mgonjwa asiye na simu yake mwenyewe hufikiwa vipi?